Upande Mmoja wa Kiroba

Nguruwe wa sikukuu walizikwa siku ya Alhamisi. Sikukuu yenyewe ilikuwa Jumapili.

Walikuwa watatu, wote wa Mzee Othmar, mwenyekiti wa Jumuiya ya Mtakatifu Anna. Alikuwa amewalea tangu mwezi wa kumi na moja kwa pumba na makombo ya mtaa mzima, kwa ajili ya siku ya mtakatifu somo wa jumuiya na si kwa kingine. Homa ya nguruwe ikaingia Mbinga. Wawili walikufa usiku mmoja, wa tatu akakutwa asubuhi anatetemeka. Bwana mifugo alikuja na buti zake za mpira, akatazama, akasema neno moja: "Shimo." Likachimbwa nyuma ya nyumba, kando ya migomba. Nguruwe wakafukiwa, chokaa ikamwagwa juu, na shimo likabaki nusu wazi likingoja udongo zaidi. Nyama ya nguruwe ikapigwa marufuku mji mzima.

Ijumaa jioni akina mama wa jumuiya walikaa sebuleni kwa Mzee Othmar wamejifunga khanga mpaka shingoni, kwa maana baridi ya Julai Mbinga haina huruma. Theodosia, binti wa mwisho wa mzee, alikuwa anapitisha chai. Alikuwa fundi cherehani, na sare mpya za jumuiya alizishona yeye, zote thelathini na mbili.

"Padri anakuja, na jumuiya mbili za jirani zinakuja," alisema Shangazi Gaudiosa, dada yake mzee, mkuu wa jiko. "Watu zaidi ya mia. Tuwape nini? Maharage?"

"Maharage yana ubaya gani?" alisema Mama Glorious wa nyumba ya pili.

"Mwaka jana tulikula nguruwe kwao mpaka tukafunga mifupa kwenye mifuko. Mwaka huu tuwape maharage? Utapita njia gani kwenda sokoni wewe?"

Wakacheka kidogo, kicheko cha watu wenye shida. Kuku wa kutosha mia hawakuwepo, na ng'ombe hanunuliwi kwa siku mbili. Theodosia akaweka birika mezani.

"Cuthbert anaweza kuleta samaki," alisema.

Hakuna aliyeuliza Cuthbert ni nani. Mtaa mzima ulijua. Ni kijana wa Lundo, kule Ziwa Nyasa, mwenye meza ya samaki sokoni, mrefu, mweusi wa kung'aa, mwenye kucheka kwa jicho kabla ya mdomo. Ni yule yule aliyetuma mshenga mwezi wa tano, na mshenga akarudishwa kabla ya kumaliza soda yake. Siku ile Mzee Othmar alitoa sababu mbili. Ya kwanza, kijana ni Mwanglikana. Ya pili aliisema kwa mfano: "Samaki akipandishwa mlimani huoza."

Sasa mzee aliweka kikombe chini. Akamtazama binti yake, akatazama dirishani upande wa shimo.

"Alete samaki," alisema mwishowe. "Samaki tu. Asije na mengine."

Shangazi Gaudiosa akaguna. "Mengine yatakuja yenyewe, kaka. Wewe fungua mlango uone."

*

Asubuhi ya Jumamosi, baada ya kumpigia simu usiku, Theodosia alimkuta Cuthbert sokoni anapakia majaba matupu kwenye pikapu ya kukodi.

"Mbasa," alisema Cuthbert baada ya kumsikiliza. "Siyo dagaa, siyo magege. Baba yako nitamlisha mbasa. Nimeshapiga simu, nyavu zimeingia alfajiri. Saa tisa mchana niko mlangoni kwenu."

"Amesema samaki tu."

"Nimesikia." Akafuta mikono kwenye suruali, akamsogelea, si sana, maana soko lina macho. "Theo, mama anataka kuja."

"Kesho?"

"Kesho. Anasema mwanawe hawezi kulisha watu mia halafu yeye akae Lundo kama amefiwa. Ana unga aliotengeneza tangu mwezi wa sita, akiungojea siku kama hii. Anataka amsongee baba yako ugali kwa mkono wake, ale na mbasa. Kwetu mama akimsongea mtu ugali, basi wamemaliza maneno. Unga nitakuja nao leo, mama atafuata kesho."

Theodosia alimjua Mama Edina, mama yake Cuthbert. Wakati wa Pasaka alikwenda Lundo kwa siri, nyumbani akaaga kwamba anakwenda Songea kwa dada yake. Mama Edina alimpokea kwa mikono miwili, akamwita mwanangu kabla hajakaa. Akampa ugali wa muhogo uliovundikwa, laini, unaonyooka mkononi, una harufu kali kama togwa iliyolala siku mbili. Tonge la kwanza alilimeza kwa adabu. La pili kwa hamu. Mwishowe aliomba aongezewe, na Mama Edina akacheka mpaka akafuta machozi kwa upindo wa kitenge.

"Wakimwona watasema," alisema Theodosia. "Shangazi mdomo wake unaujua."

"Waseme. Mimi wakinisema nina ngozi ya kambale." Cuthbert hakucheka. "Ila mama yangu hajawahi kupanda huku kwa kuitwa. Anakuja kwa ajili yako. Nakuomba kitu kimoja tu, Theo. Mimi nitakuwa huku na huku na samaki. Utamsimamia mama yangu?"

Alimtazama machoni. Lile jicho la kucheka halikuwepo. Lilikuwa jicho la mtu anayekabidhi kitu.

"Nitamsimamia," alisema Theodosia.

*

Saa tisa kamili pikapu iliingia. Mbasa walikuwa wanono, wametandikwa kwenye barafu, magamba yanang'aa. Hata Shangazi Gaudiosa aliinama kuwatazama. Alimgeuza mmoja, akamnusa mashavu, akasema, "Hawa wamelala majini jana," na kwa kinywa chake hiyo ni sifa kubwa.

Cuthbert akashusha na kiroba kimoja, akakiweka ukutani jikoni. "Hiki ni cha mama. Akija kesho atakifungua mwenyewe," alimwambia Theodosia kwa sauti ya chini, kisha akaondoka kwenda kumleta mama yake. Kutoka Mbinga mpaka Lundo na kurudi si safari ya kuchelewa kuanza.

Kiroba kilikuwa kimelowa upande mmoja. Maji ya barafu yaliingia njiani. Baada ya nusu saa karibu na moto wa kukaanga, jiko likaanza kunuka.

"Kuna kitu kimekufa humu," alisema mmoja.

"Ni samaki?"

"Samaki hawa? Hapana. Ni hiki."

Shangazi Gaudiosa akakata kamba kwa kisu. Akaingiza mkono, akautoa na unga wa kijivu umeshikana madonge. Akanusa, kichwa kikarudi nyuma.

"Maria mama! Huu umeoza!"

Wakakusanyika. Wakanusa kwa zamu, kila mmoja akatoa lake. Mmoja alisema ni soksi za mlinzi. Mwingine akauliza kama ndiyo mahari. "Mahari ya Wanyasa hii, tunapewa na inzi wake!" Jiko zima likaangua kicheko.

Mama Glorious ndiye aliyesita. "Jamani, labda ndivyo ulivyo. Nasikia kule wanavundika muhogo. Tumwulize Theodosia, yeye ndiye mwenye watu wa ziwani."

Macho yote yakamgeukia. Ya watu kumi na tano hivi, yenye machozi ya moshi na kicheko. Theodosia alikuwa na mbasa mkononi, anampaka chumvi. Harufu ile aliijua. Aliijua kama anavyojua harufu ya mafuta ya cherehani yake. Neno lilikuwa hapa, kooni: ndivyo ulivyo, ni mtamu, mimi nimeula, niliongezewa.

"Ee?" alisema Shangazi Gaudiosa, mkono kiunoni. "Ndicho watakachokulisha huko? Unaujua huu?"

Angesema anaujua, wangeuliza aliulia wapi. Na kama wasingeuliza, wangecheka. Kile kicheko kingemfuata kisimani, kanisani, mlangoni kwake watakapokuja kupima nguo.

"Siujui, shangazi," alisema.

"Basi shika huku, tukautupe kabla haujaharibu samaki wa watu."

Akashika. Shangazi upande huu, yeye upande ule. Wakapita kwenye migomba, wakafika kwenye shimo la nguruwe, wakainua, wakamwaga. Unga ukaanguka juu ya chokaa, pu, ukatoa vumbi jeupe. Theodosia akajiambia kwamba atanunua mwingine. Akajiambia kwamba atamweleza Cuthbert asubuhi, mapema, kabla mama hajafika. Mtu akiwa anaogopa hujiahidi mambo mengi.

Asubuhi hakupata nafasi. Au aliipata akaiacha ipite.

*

Misa ya jumuiya ilikwisha saa sita. Maturubai yalifungwa uani, watu wakajaa, sare za bluu thelathini na mbili kila mahali. Mama Edina alikuwa amekaa mstari wa pili, mwembamba, kitenge kipya chenye mikunjo ya dukani, mikono mapajani. Alipoingia, Theodosia alimpigia goti.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umekonda! Hawakulishi huku?" Akamshika shavu. Mkono ulikuwa mgumu kama jiwe la kusagia, na ulikuwa na joto.

Mbasa wakatoka. Wa kukaanga, wa mchuzi wa nyanya, wa kuchomwa. Kelele za mazungumzo zikashuka mpaka ikasikika mifupa tu. Padri aliongezewa mara mbili. Mzee Othmar alipewa kichwa. Alikifungua polepole kwa vidole, akanyonya jicho moja, akanyonya la pili, akaweka mifupa pembeni ya sahani kwa mpangilio. Kisha akasimama.

"Jumuiya," alisema, "mimi ni mtu wa kusema. Mwezi wa tano nilisema samaki akipandishwa mlimani huoza. Wengine mlinisikia, maana nilisema kwa sauti." Kicheko. "Leo nimemla. Hajaoza."

"Hajaoza!" waliitikia vijana.

"Tulikuwa tunaaibika leo. Kijana huyu ametutoa. Habari ya dini ataelewana na Padri, lakini mimi baba, mbele yenu wote, neno langu nalibadilisha. Aje tena mshenga. Safari hii atamaliza soda."

Vigelegele vikapanda mpaka juu ya turubai. Theodosia hakujua kama amesimama au amekaa. Upande wa pili wa uwanja Cuthbert alikuwa na sinia mkononi, anamtazama, na lile jicho lilikuwa limerudi, limerudi lote. Miezi kumi na moja, tangu wapendane, alikuwa anaingoja siku hiyo. Ilikuja. Ilikaa kama muda wa kumeza mate.

Maana Mama Edina naye alisimama. Alikuwa ananyoosha kitenge chake kwa furaha.

"Baba Theodosia, asante. Mimi maneno sina. Mimi nina mikono. Nimeleta unga, nikusongee tonge moja tu la kwetu, tumalize." Akageuka. "Mwanangu, nipatie unga wangu. Na sufuria ndogo."

Theodosia alifungua mdomo.

"Unga upi?" aliuliza Shangazi Gaudiosa kutoka mlango wa jiko, bila ubaya wowote. "Ule uliooza? Pole mama, uliharibikia njiani. Tuliutupa jana, kwenye shimo la nguruwe."

Mama Edina alitabasamu, kama mtu ambaye hajasikia vizuri. "Uliooza?"

"Ulikuwa unanuka mno, mama yangu. Wa kijivu."

"Unanuka, ndiyo." Akamtazama Theodosia, bado anatabasamu. "Ndivyo unavyonuka. Theodosia anaujua. Pasaka alikula kwangu akaomba aongezewe. Hakuwaambia?"

Hata watoto waliacha kutafuna.

"Pasaka?" alisema Mzee Othmar. "Pasaka ulikuwa Songea."

"Baba..."

"Ulikuwa Songea au ulikuwa Lundo?"

"Lundo, baba."

"Na jana tulikuuliza!" Shangazi Gaudiosa alisogea mbele, sauti imepanda, sasa amekasirika kweli. "Nilikuuliza mimi, mbele ya watu wote hawa! Mama Glorious si shahidi? Unanifanya mimi mwizi wa chakula cha mgeni? Ulisema huujui!"

Mama Edina akakaa. Alikaa taratibu, akakunja mikono mapajani kama mwanzo. Tabasamu lilikuwa limekwisha.

"Si kitu," alisema. "Muhogo upo."

*

Cuthbert alimkuta kwenye migomba. Nyuma yao sahani zilikuwa zinagongana, watu wakizungumza kwa sauti za chini zinazosikika kuliko kelele.

"Niambie wewe," alisema. "Nisikie kwako."

"Walikuwa wanacheka, Cuthbert. Wote."

"Shangazi yako simlaumu. Angejuaje? Huku hamuli. Mimi mwenyewe unga ukilowa hivyo ningeushtukia. Nakuuliza wewe unayeujua."

"Niliona aibu."

"Aibu ya nini?"

"Kuchekwa."

Akatikisa kichwa. "Nani aliubeba mpaka hapa?"

Angeweza kusema ni shangazi. Nusu ingekuwa kweli.

"Nilishika upande mmoja," alisema.

Cuthbert alitazama shimo. "Mwaka huu mihogo yetu ilipata ugonjwa. Ile ya karibu na nyumba ilioza ardhini. Mama alichimba shamba dogo la juu, lote, ili apate kiroba kimoja. Akaloweka, akaanika kwenye mawe, akifukuza mbuzi mchana kutwa. Nikamwambia mama, nitanunua sembe. Akasema sembe wanayo wao, nitawapelekea nini?"

"Nitakuja Lundo," alisema Theodosia. Machozi yalikuwa yanateremka na hakuyafuta. "Nitachimba, nitaloweka, nitatwanga mwenyewe. Nitamwomba msamaha mbele ya watu. Nirudi sasa hivi niseme mbele yao?"

"Sasa hivi wameshajua. Kusema sasa ni rahisi." Sauti yake haikuwa ya hasira, na hilo ndilo lililomtisha. "Baba yako alinikataa miezi yote hii, sikuumia. Alinikataa usoni. Wewe nilikupa kitu kimoja tu ukishike. Theo, ipo siku watamcheka mama mbele ya watoto wetu. Wapo watu, watacheka tu. Siku hiyo utashika upande upi?"

Alitaka kusema upande wako. Lakini jana alikuwa amejiamini hivyo hivyo sokoni, na akajikuta na kiroba mkononi. Akasema kweli.

"Sijui."

Cuthbert akaitikia kwa kichwa, polepole, kama mtu aliyepewa chenji sahihi. Alinyoosha mkono, akamfuta chozi moja kwa kidole gumba. Kidole kilinuka mbasa na ndimu. Kisha akaenda kumchukua mama yake.

Mama Edina aliaga kila mtu kwa mkono, hata Shangazi Gaudiosa, ambaye alilia na kumkumbatia. Alipofika kwa Theodosia akampa mkono vilevile.

"Kwaheri, dada," alisema.

Siyo mwanangu. Dada, kama unavyomwambia muuza vocha.

Pikapu ikashuka mtaa. Mzee Othmar akaja kusimama karibu na binti yake, mikono nyuma.

"Neno langu nimelitoa mbele ya Padri," alisema. "Silirudishi. Akituma mtu, mlango uko wazi."

"Hatatuma, baba."

Mzee akavua koti lake, akamwekea mabegani, akaenda kuwasaidia kushusha maturubai.

Jua lilikuwa bado liko juu Theodosia aliporudi kwenye shimo. Alitaka angalau auone, achote hata konzi moja. Hakuweza. Chokaa nyeupe, unga uliokauka juani ukawa mweupe, hakuna wa kutofautisha. Alichuchumaa pale, akahesabu.

Kiroba kimoja. Shamba dogo la juu, lote. Siku tatu za kuloweka, wiki mbili za kuanika na kufukuza mbuzi, siku mbili za kutwanga. Miezi kumi na moja ya Cuthbert. Neno mwanangu, aliloitwa Pasaka na leo mchana. Ndiyo moja ya baba, ambayo sasa haikuwa na wa kuipokea.

Samaki waliliwa wote, haukubaki hata mkia. Na neno lililomgharimu hayo yote lilikuwa moja: siujui.